Jibu: Ethiopia itaivamia Eritrea kwa ajili ya Assab?

Mkuu, umeuliza kama tishio la Ethiopia kuivamia Eritrea ili kuipata Assab, bandari ya Eritrea kwenye Bahari ya Shamu, ni maneno tu. Hofu ina msingi. Eritrea ilipojitenga 1993, Ethiopia ilibaki bila pwani, na shehena yake karibu yote hupitia Djibouti kwa malipo. Oktoba 2023 Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, akalitaja hadharani suala la Bahari ya Shamu kuwa la uhai wa taifa. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, wakasikia ngoma ya vita.

Ila kuiteka Assab si kuitumia. Nani atatia nanga kwenye bandari inayopigwa mizinga? Bima peke yake itamkimbiza! Mimi naiogopa zaidi Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia linalopakana na Eritrea, maana ndiko ilikozuka vita ya 1998 kati ya nchi hizi mbili, kwa sababu ya Badme, kakijiji kakavu tu, na makumi ya maelfu wakafa.