Kilomita Chache, Miaka Mingi: Lini Ubadilishe Plagi za Gari la Spoti

Chukua gari la spoti la miaka 9 lenye kilomita 18,000 kwenye dashibodi. Kitabu chake kinasema plagi zibadilishwe kwenye kilomita 100,000. Kwa mwendo wa kilomita 2,000 kwa mwaka, zamu hiyo itafika baada ya miaka 41. Hakuna fundi mwenye akili timamu atakayekwambia usubiri hadi hapo, ila wengi watakwambia ubadilishe leo bila kukueleza kwa nini.

Tuanze na kinachochakaza plagi. Ncha yake huliwa na cheche, hailiwi na kalenda. Kwenye injini ya mipigo minne kila plagi hupiga cheche mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi moja imepiga cheche 1,500. Ncha inavyoliwa, gepu (uwazi unaorukwa na cheche) linapanuka, koili inayoipa plagi umeme inalazimika kutoa umeme mkali zaidi ili cheche iruke, na siku moja unakanyaga mafuta kwa nguvu gari linaanza kumisi, yaani silinda inakosa kuwaka. Plagi za kawaida za nikeli huhesabiwa kilomita 30,000 hadi 50,000. Nyingi za iridiamu na platinamu hufika 100,000. Kwa upande wa ncha, basi, gari letu la kilomita 18,000 halina deni.

Deni liko kwingine. Plagi ni ya chuma na imekazwa ndani ya hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu. Metali hizo mbili zikikaa pamoja miaka mingi, zikipata joto na kupoa, unyevu ukiingia, nyuzi (mikato ya skrubu) hushikana. Mpira wa koili unaokaa juu ya plagi nao hukauka na kupasuka, hata kama gari limefunikwa turubai muda wote. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huandika kilomita na miaka pamoja: Porsche, kwa modeli kadhaa za 911, imeweka kikomo cha miaka 4, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa.

Halafu kuna masizi. Plagi hujisafisha yenyewe pale kauri ya ncha inapofika joto la nyuzi 450 hivi za selsiasi. Hapo masizi yanaungua. Injini inayowashwa dakika tano kila Jumamosi “ili isilale” haifiki kwenye joto hilo. Inachofanya ni kumwagiwa petroli nyingi ya kuwashia ikiwa baridi, kisha inazimwa, na kila wiki tabaka jingine la masizi linaongezeka. Masizi hupitisha umeme, hivyo cheche badala ya kuruka gepu inateleza juu ya kauri na kupotelea kwenye bodi ya plagi. Kama huwezi kuliendesha gari nusu saa nzima barabarani, ni afadhali uliache lilale. Wenye Mazda RX-8 wanalijua hili kwa uchungu: injini yake ya rota ikizimwa mara tu baada ya kuwashwa baridi, plagi hulowa petroli na gari linagoma kuwaka.

Kwa hiyo usiamue kwa kubahatisha. Chomoa plagi moja uisome.

Injini iwe imelala usiku mzima, kwa sababu nyuzi za aluminiamu yenye moto huharibika upesi. Fungua bolti ya koili, zungusha koili kidogo kushoto na kulia kwanza, ndipo uivute. Ukiivuta moja kwa moja mpira mkavu unakatika na kipande kinabaki shimoni. Chungulia shimo kwa tochi. Ukiona oili, sili za shimo au gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imeshachoka, na hiyo ni kazi ya kufanywa pamoja na plagi. Puliza shimo kwa upepo wa kompresa kabla ya kulegeza chochote, maana mchanga uliokaa pale utadondokea juu ya pistoni.

Sasa legeza robo mzunguko tu. Ikilegea na kuzunguka laini, endelea. Ikilia au ikizidi kuwa ngumu kadiri unavyofungua, simama hapo hapo. Ikaze kidogo irudi, weka matone machache ya oili ya kulegeza kutu, subiri dakika 15 au zaidi, kisha nenda mbele na kurudi nyuma kidogo kidogo. Anayelazimisha hapa hutoka na plagi pamoja na nyuzi za hedi. Ford Mustang GT za mwaka 2005 hadi 2007 ni mfano mbaya kuliko yote: plagi zake zilikuwa na shingo ndefu ya vipande viwili, kaboni inaishika shingo hiyo, na ukilazimisha inakatika na kubaki ndani. Ford yenyewe ilitoa maelekezo ya kulegeza kidogo, kulowesha kwa dawa ya kusafishia kabureta na kusubiri.

Plagi ikishatoka, ishike karibu na mwanga. Kauri ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya njema. Nyeusi kavu kama mkaa ni masizi ya safari fupi au petroli kuzidi. Nyeusi yenye unyevu unaong’aa ni oili, na plagi mpya haitaponya ringi za pistoni. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi. Vidoa vidogo vinavyometa kama fedha ni aluminiamu ya pistoni. Acha kuliendesha gari mpaka ujue sababu. Kuna pete ya kahawia ambayo huonekana kwa nje pale kauri inapoingia kwenye chuma, na wengi hudhani gesi inavuja. Ni vumbi la oili lililovutwa na umeme mkali, halina neno.

Kisha pima gepu kwa filageji ya waya (kipimo cha nyaya za unene tofauti). Sisi tunabadilisha likizidi kipimo cha kitabu kwa milimita 0.2. Ncha ya iridiamu ni nyembamba sana, mara nyingi milimita 0.4 hadi 0.6, kwa hiyo usiiegemezee kifaa wala kuisugua kwa brashi ya waya.

Hukumu yetu ni hii. Plagi za nikeli zilizopita miaka 5, badilisha bila kujadili. Bei yake haistahili mawazo. Za iridiamu zilizo safi, zenye gepu sahihi na zilizotoka bila ugumu, zinaweza kurudi, mradi uzilegeze tena na kuzikagua baada ya miaka 4 hivi. Lakini kama kuzifikia kulihitaji kutoa manifoldi au magurudumu, kama ilivyo kwa injini nyingi za boksa (ambazo silinda zake zimelala ubavu kwa ubavu), kurudisha za zamani ni ubahili unaojirudia kwako mwenyewe.

Wakati wa kuweka, ingiza plagi kwa mkono au kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovikwa kichwani mwake; nyuzi zikipishana mpira utateleza kabla ya kuharibu kitu. Plagi yenye washa (pete ya chuma ya kuzibia) na nyuzi za milimita 14 kwenye hedi ya aluminiamu hukazwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 30, ya milimita 12 ni Nm 15 hadi 20, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Huna toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza)? Ile ya milimita 14 ikiwa mpya, ikishagota kwa mkono, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Iliyotumika, ambayo washa yake imeshabonyea, inataka sehemu moja ya kumi na mbili tu ya mzunguko. Grisi ya kuzuia kushikana usipake kwenye plagi zenye nyuzi zilizopakwa metali ya kung’aa: inateleza, unakaza kupita kipimo huku renchi ikikudanganya.

Namba ya joto, inayoonyesha plagi inavyopoteza joto haraka au polepole, nayo ina mtego. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume. Ukilinganisha kwa kutazama namba tu utaweka ya moto palipotakiwa ya baridi, na injini ya turbo haisamehe.

Panga za zamani mezani kwa namba za silinda, usizitupe siku hiyo. Gari likiendelea kumisi na kompyuta ikatoa kodi ya hitilafu P0303 (silinda ya 3 inamisi), hamisha koili ya silinda ya 3 kwenda ya 1. Kodi ikigeuka P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, rudisha plagi ya zamani ya silinda hiyo ujaribu, na kama bado inamisi, pima kompresheni.