Muulize Shangazi: Daftari la fildi lina kazi gani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma stashahada ya utawala wa serikali za mitaa, na sasa niko fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye ofisi ya kata hapa Tanga mjini. Tangu nifike kazi yangu ni kupanga mafaili na kuandika barua za utambulisho. Juu ya hayo, mwalimu anataka kila jioni niandike daftari la tafakari: nimeona nini, nilidhani nini, ningefanyaje tena. Wenzangu wananakili logibuku, yaani madaftari ya fildi, za waliotutangulia na wanapata alama nzuri. Mimi nataka kuwa mtendaji wa kata. Kujitafakari kutanisaidia nini siku ya usaili? (Kijana wa Makorora)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii katika mkoa huu hadi nilipostaafu, na vijana wa fildi nimewapokea wengi. Nakuambia wazi: barua hizo unazozidharau ndizo shule yenyewe, ila bila daftari utazipiga muhuri hadi fildi iishe na hutajua zilikufundisha nini.

Katika kata moja ya ufukweni alikuja mama muuza samaki wa kukaanga. Beseni lake aliliweka kivulini nje ya mlango, akalifunika kwa kanga. Alitaka barua ya utambulisho kwa ajili ya akaunti ya benki ya kikundi chao. Binti wa fildi akamjibu kwa adabu kabisa, "Mama, anza kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie, ndipo uje hapa." Huo ndio utaratibu, hakukosea. Mama akajitwika beseni lake akaenda zake. Jioni binti akaandika: "Nimehudumia wananchi na kuwaelekeza utaratibu."

Nilimrudishia daftari nikamuuliza: yule mama alirudi? Hajui. Mwenyekiti wake hupatikana saa ngapi? Hajui. Ulidhani anakaa ofisini kama wewe? Hapo akanyamaza. Kesho yake akaenda mtaani mwenyewe, akakuta mwenyekiti ni mvuvi, mchana wote yuko baharini au amelala, na mwenye shida humpata baada ya alasiri, saa ambayo ofisi ya kata inafungwa. Yaani mama yule alitakiwa kupoteza siku mbili za biashara kwa karatasi moja. Binti akaandika orodha ya mitaa na saa za kumpata kila mwenyekiti, pamoja na vitu vya kubeba, akaibandika mlangoni. Mtendaji akaongea na wenyeviti, wakakubali kuandika barua jioni na mwananchi aje nayo asubuhi. Daftari la binti siku ile lilikuwa na kurasa tatu, na hakuna aliyemlazimisha.

Wenye taaluma wameliandika jambo hili zamani. Donald Schön wa Marekani alieleza mwaka 1983 kwamba mtaalamu mzuri huwaza katikati ya kazi, na akishamaliza huirudia tena kichwani. Mwenzake Robert Sigmon, mwaka 1979, aliweka misingi mitatu ya kujifunza kwa kuhudumu: anayehudumiwa ndiye mwenye kauli juu ya huduma, huduma imwache na uwezo mkubwa zaidi wa kujisaidia na kusaidia wengine, na anayehudumu naye ni mwanafunzi, mwenye sauti juu ya anachokwenda kujifunza. Huo wa kwanza ndio tunaousahau sana maofisini.

Kwetu nako mjadala huu si mgeni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Mwaka uliofuata akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wapitie kazini kabla ya chuo kikuu. Nia ile naiheshimu sana. Lakini kumpeleka kijana akahudumu ni sehemu rahisi. Ngumu ni kukaa naye jioni na kumuuliza aliwaona watu gani.

Kwa hiyo usinakili. Andika tukio moja tu kwa siku, lakini liandike lote: nani alikuja, ulimjibu nini, ulidhani nini juu yake kabla hajafungua mdomo. Mambo ya ndoa na maradhi yanafika sana ofisi ya kata, kwa hiyo majina usiyaandike kamwe. Halafu muombe msimamizi akuruhusu kufuatana na afisa maendeleo kwenye vikundi vya mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Usiende na semina yako mfukoni. Waulize wanakwama wapi. Huenda wanataka mtu wa kuwaonyesha kuandika daftari la marejesho tu.

Na usaili? Ukiulizwa utafanyaje mwananchi akija hana kiambatisho, mwenzako atataja kanuni. Wewe utaitaja kanuni, kisha uwaeleze ulichokiona Tanga.

SWALI: Shangazi, mimi ni mtendaji wa kata wilayani Muheza. Chuo kinaniletea wanafunzi bila maelekezo. Niwape kazi gani?

JIBU: Wape swali moja ambalo ofisi yako yenyewe inalihitaji. Kwa nini watu wa kitongoji fulani hawaji mikutanoni? Malalamiko gani yanajirudia kwenye rejista? Wakae na wananchi, wakuletee majibu, na Ijumaa uwape nusu saa ya kuwasikiliza. Kabla hawajaondoka, majibu hayo wayasome kwenye mkutano wa hadhara, wananchi wawasahihishe. Fomu ya chuo ijaze baada ya mkutano huo.