Jibu: Rangi inavuja chini ya stensili

Salaam dada. Umesema rangi inapenya chini ya stensili (ile karatasi iliyokatwa umbo la kupakia rangi) na maua ya kadi zako za Idi yanatoka yamechafuka kingo. Kabla hujalaumu karatasi, angalia sponji. Mimi niliharibu kadi kama kumi ndipo nikagundua natia rangi nyingi mno. Chovya kidogo, igongegonge kwenye gazeti mpaka ibaki karibu kavu, halafu gonga kwa wima juu ya stensili, usivute. Rudia mara mbili. Selotepu ya kushikilia stensili ibandike kwanza kwenye nguo ipungue gundi, la sivyo itachuna karatasi ya manila ya kadi.

Mhuri wa kiazi unaochapia mwezi nao ufute kwa kitambaa kabla ya kuupaka rangi, maana kiazi hutoa maji na mwezi wako utatoka na madoa. Rangi ya dhahabu weka mwisho, kwa ncha ya kidole tu.