Udongo wa maeneo makavu: mmeuliza, najibu

Ardhi kavu si imeshakufa tu, kuna nini tena cha kuharibu?
Haijafa jamani. Maeneo makavu ni kama asilimia 41 ya ardhi yote duniani na watu zaidi ya bilioni 2 wanaishi humo, sasa we inama uangalie pale katikati ya nyasi, utaona ukoko mweusi mweusi hivi, wengi wanadhani uchafu kumbe ni viumbe hai, sayanobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), kuvu, vimimea vidogo sana, vimeshikana na mchanga mpaka vikawa kama ngozi. Ngozi hiyo inazuia upepo usibebe udongo, halafu inavuta naitrojeni hewani na kuiingiza ardhini, yani mbolea ya bure kabisa. Nikiona gari limekatiza juu yake roho inaniuma, maana ikishavunjika, baadhi ya maeneo inachukua makumi ya miaka kurudi.

Mvua kubwa si ndo nzuri kwa ukame?
Inategemea imekuta nini chini. Udongo ukiwa uchi matone yanaupiga, vitundu vinaziba, maji yanateleza na kuondoka na ule udongo wa juu wenye mboji. Na dunia inavyozidi kupata joto hewa inabeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvua ikishuka inashuka kwa kishindo.

Joto linagusaje rutuba?
Hapa ndo pananitisha. Kaboni na naitrojeni zinaletwa na viumbe, mimea na bakteria, kwa hiyo joto likikausha ardhi na ukame ukizidi, zinapungua, wakati fosforasi asili yake ni mawe yanayomomonyoka, hiyo haitegemei viumbe kiasi hicho. Ule uwiano unavurugika, na mmea hauwezi kula kimoja ukaacha kingine.

Kwa hiyo tulaumu mifugo?
Kwato zikikaa palepale msimu mzima, ndio, zinamaliza. Wakihama nyasi zikapumzika ni habari nyingine, na jembe la trekta linalogeuza udongo kila mwaka mimi naliogopa zaidi.

Tukimwagilia je?
Angalia kwanza maji ya ziada yanatoka kwenda wapi. Usipoweka mifereji ya kutoa maji ya ziada jua linayanyonya, chumvi inabaki juu, kidogo kidogo shamba linakuwa jeupe. Kando ya bahari ya Aral, ziwa kubwa la chumvi huko Asia ya Kati, mito ilielekezwa kwenye pamba kuanzia miaka ya 1960, bahari ikakauka sehemu kubwa, na mpaka leo upepo unapeperusha vumbi la chumvi kutoka pale ilipokuwa.