Kadi ya biashara itolewe baada ya mazungumzo

Ninafanya kazi ya kuhariri na kutafsiri kwa kujitegemea, na wateja wangu wengi wa mwanzo niliwapata kwa kukutana nao ana kwa ana. Ninaandika haya kwa ajili ya ninyi mnaoanza, hasa wale ambao wameshachapisha kadi lakini wanaona haya kuzitoa kwa kuogopa kuonekana king'ang'anizi.

Katika semina ya kwanza niliyohudhuria nikiwa na kadi mpya, nilimpa kadi kila niliyesalimiana naye, kabla hata sijajua anafanya kazi gani. Watu walipotoka kwenda kula mchana, nilizikuta kadi tano au sita zimeachwa juu ya viti, na moja ilikuwa chini ya kikombe cha chai, alama ya duara la maji imepita katikati ya jina langu. Hakuna aliyenipigia simu. Nilisikitika sana siku ile, lakini nilielewa kwamba wale watu hawakuwa na sababu yoyote ya kunikumbuka, kwa kuwa sikuwa nimewasikiliza.

Tangu hapo huanza kwa kumuuliza mtu kuhusu kazi yake, kisha nanyamaza nimsikilize. Mara nyingi yeye mwenyewe atataja linalomsumbua: ripoti zinazochelewa kwa sababu hakuna wa kuzihariri, au tovuti ambayo maelezo yake hayaeleweki. Hapo ndipo ninapouliza, "Nikikutumia sampuli ya kazi kama hiyo, itakufaa?" Akikubali, namwomba kadi yake au anwani yake kwanza, na kwa kawaida naye ataomba yangu. Kuomba kwanza ni heshima, na pia kunakuwezesha kumwandikia wewe mwenyewe badala ya kukaa ukisubiri simu. Akisema hahitaji, iache kadi mfukoni na uendelee na mazungumzo bila kubadilisha uso.

Jambo moja dogo limenisaidia kuliko urembo wowote wa kadi. Kabla ya kumkabidhi mtu kadi, huigeuza na kuandika nyuma yake kwa kalamu, mbele ya macho yake, maneno machache kama "sampuli ya ripoti, Alhamisi". Siku mbili baadaye, akiikuta kadi hiyo kati ya nyingine nyingi, atajua mara moja ni ya nani na tulikubaliana nini. Kwa hiyo mwambie mchapishaji aache upande wa nyuma bila kung'arishwa, kwa sababu wino wa kalamu haushiki vizuri kwenye karatasi inayong'aa.

Kuhusu uchapishaji wenyewe sina mengi. Kadi ya milimita 85 kwa 55 hukaribia ukubwa wa kadi ya benki, kwa hiyo huingia kwenye pochi bila kukunjwa. Karatasi ya gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba inatosha, na herufi zisiwe ndogo kuliko pointi 8. Andika huduma moja au mbili tu, kwa maneno ambayo mteja angeyatumia, na nambari ya simu ianze na msimbo wa nchi. Ukiweka msimbo wa QR unaofungua kazi zako, ujaribu kwa simu kwenye nakala iliyochapishwa kabla ya kuagiza kadi zote.

Mahali ambapo kadi haimkeri mtu kabisa ni kwa mteja aliyeridhika. Ninapokabidhi kazi iliyokamilika, huambatanisha kadi mbili na kumwambia kwamba moja ni yake na nyingine ni ya yeyote atakayeuliza. Ombi hilo hilo, ukimpa mtu mliyekutana dakika kumi zilizopita, humwelemea, kwani unamtaka akudhamini kabla hajaona kazi yako.

Ulichoahidi kukituma kitume siku ile ile uliyoitaja, kwa barua pepe fupi inayokumbusha mlikutana wapi na mliongea nini, bila orodha ya bei ambayo hakuiomba. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili hivi, kisha usimwandikie tena mpaka akutafute mwenyewe.