Transista ikichemka kwenye taa ya dagaa, pima kolekta kwanza

Mafundi wengi wa mialo ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, wakikuta transista ya taa ya mtumbwi inaunguza kidole wanakimbilia kuweka kubwa zaidi. Mara nyingi transista ni nzima, ila inafanya kazi katika eneo lisilo lake.

Chukua TIP41C, transista yenye miguu mitatu (besi, kolekta na emita) inayotumika hapa kama swichi: mkondo mdogo wa besi unaruhusu mkubwa upite kutoka kolekta hadi emita. Chukua pia taa ya volti 12 wati 12 na betri ya volti 12. Taa inakaa kati ya chanya na kolekta, emita inakwenda hasi, na swichi inapeleka chanya kwenye besi kupitia rezista. Swichi ikiwa imewashwa, pima volti kati ya kolekta na emita. Ukisoma karibu 12, transista imefunga, yaani haipitishi mkondo. Ukisoma chini ya nusu volti, imeshiba, yaani imefunguka kabisa, na hapo ndipo tunapotaka iwe. Ukisoma 3, 5 au 7, iko eneo la kukuza, linalofaa redio na halifai swichi.

Mkosaji huwa rezista ya besi. Ukiweka ya kilo-omu 1, besi inapata (12 − 0.7) ÷ 1000, yaani miliampia 11. Ukuzaji (mara ngapi mkondo wa kolekta unauzidi wa besi) ukiwa 40, kolekta haiwezi kupitisha zaidi ya ampia 0.45 hivi, wakati taa inataka 1. Tuihesabu taa kama rezista ya omu 12 (LED hazinyooki hivyo, lakini picha inaonekana): taa inabaki na volti 5.4, transista inabeba 6.6, na joto ni karibu wati 3. Bila bati la kupoozea, TIP41C hupanda nyuzi 62.5 kwa kila wati. Zidisha mwenyewe, halafu kumbuka kikomo chake ni 150. Isitoshe, ikipata joto ukuzaji wake unapanda, kwa hiyo mwanga unabadilika wenyewe.

Kwa swichi usitegemee ukuzaji ulioandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Ipe besi sehemu ya 10 ya mkondo wa kolekta: hapa miliampia 100, yaani rezista ya omu 100. Nayo inakula karibu wati 1.3, basi weka ya wati 2 au zaidi. Ile ndogo ya robo wati itaungua. Transista sasa inabaki na joto la sehemu ndogo tu ya wati.

Besi usiiache ikining'inia swichi inapozimwa. Unyevu wa ziwani kwenye ubao unatosha kuvujisha mkondo kidogo, transista ikaukuza, na betri ikaisha mchana taa "imezimwa". Rezista ya kilo-omu 10 kutoka besi hadi emita inamaliza hilo.

Angalia pia miguu: ukiisoma maandishi yake, kushoto ni besi, katikati kolekta, kulia emita. Ukibadilisha kolekta na emita itapitisha kidogo, ukuzaji ukiwa hafifu mno, na kiungo cha besi na emita hakivumilii zaidi ya volti 5 kinyume. Bati la mgongoni nalo ni kolekta. Likigusa boksi la chuma lililoungwa hasi, taa haizimiki. Weka mika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) kati yake na boksi, na bushi ya plastiki kwenye skrubu.