LNA ikae juu kwenye antena, si mezani

Nakaa Tabata, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa nne nafuatilia ndege kwa redio ya SDR. Kwa aliye mgeni wa mambo haya, hiyo ni redio ambayo kazi kubwa inafanywa na programu ya kompyuta. Kifaa chenyewe ni kidude cha USB chenye ukubwa wa flashi, ambacho awali kilitengenezwa kwa ajili ya kupokea TV ya dijitali. Mwaka 2012 wataalamu wa programu walionyesha kwamba chipu yake, RTL2832U ya Realtek, inaweza kuipa kompyuta mawimbi ghafi, na tangu hapo kidude cha bei ndogo kimekuwa redio ya kuanzia takriban 24 MHz hadi zaidi ya 1,700 MHz. Ndege za abiria hutangaza mahali zilipo kwenye 1090 MHz, kwa hiyo ukiwa na antena na kidude hicho unaziona kwenye ramani yako mwenyewe.

Nilianza na antena juu ya bati na kebo nyeusi nyembamba, RG58, mita 10, inayoshuka na kuingia dirishani hadi kwenye laptop. Ndege zinazotua Julius Nyerere nilikuwa naziona vizuri sana. Za mbali ndizo zilizonitesa. Ndege ikishavuka Mafia kuelekea kusini, inaanza kukatikakatika kwenye ramani, halafu inapotea. Nikaambiwa dawa ni LNA, nikanunua.

LNA ni kikuza mawimbi, ndugu wa karibu wa ile busta ya antena ya TV tuliyoizoea majumbani. Sifa yake ni kwamba yenyewe huongeza kelele kidogo sana. Kila kifaa cha elektroniki kina kelele zake za ndani, na kipimo chake ni desibeli: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo kifaa kinavyokuwa kimya. Kidude cha USB kina kama desibeli 6 kwa matumizi ya kawaida. LNA nzuri ina 1, au chini ya hapo.

Niliifunga mezani, pembeni ya laptop, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa rahisi. Skrini ikawaka. Mawimbi yote yakapanda juu, nikafurahi kweli. Kisha nikahesabu ndege. Asubuhi ile, kabla ya kuifunga, ramani ilikuwa na ndege 34. Baada ya kuifunga, saa ileile ya siku iliyofuata, zilikuwa 21. Nikabadilisha adapta, nikabadilisha programu, nikaanza kuamini nimeuziwa kitu kibovu.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa madishi wa mtaani kwetu, mzee aliyekuwa amekuja kurekebisha dishi letu baada ya upepo kulisogeza. Nilimwamkia, nikamshikia ngazi, na aliposhuka aliuona mtambo wangu mezani akauliza ni wa nini. Nikamweleza. Akakichukua kile kiboksi kidogo, akakigeuzageuza.

"Kijana, LNB mimi naifunga wapi?"

"Pale mbele ya dishi, mzee."

"Sasa kwa nini siifungi hapa chini, nyuma ya king'amuzi, nikajiepusha kupanda kwenye bati na jua lote hili?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba mawimbi ya setilaiti yakifika ni hafifu mno, na ukiyaacha yateremke kwenye waya kabla hujayakuza, hakuna kitakachofika kwenye king'amuzi. Na ni kweli. Ndani ya kila LNB, kile kichwa kinachofungwa mbele ya dishi, kitu cha kwanza kinachokutana na mawimbi ni LNA. Nchi nzima tumefunga LNA juu ya mapaa yetu, na mafundi wetu wanajua mahali pake.

Nilikaa jioni hiyo nikapiga hesabu, na ningependa uione kwa sababu ndiyo kiini cha jambo hili lote. Kwenye 1090 MHz, mita 10 za RG58 hupoteza takriban desibeli 6. Maana yake ni kwamba robo tu ya nguvu iliyokamatwa na antena ndiyo inayofika chini. Hasara ya kebo inajumlishwa moja kwa moja na kelele ya kidude: 6 na 6, jumla 12. Ukiweka LNA mezani, kelele ya kidude inafunikwa, lakini zile 6 za kebo zimeshapotea, kwa hiyo unabaki na kama 7. Ukiweka LNA ileile juu, pale antena inapoishia, yenye ukuzaji wa desibeli 20, jumla inashuka hadi karibu 1.5. Kifaa ni kilekile na pesa ni ileile. Tofauti ni upande gani wa kebo umekifunga.

LNA haiwezi kufufua kilichokufa njiani. Ikiwa kebo imekula mawimbi hadi yakalingana na kelele, LNA itakuza vyote viwili kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana kuwaka kwa skrini yangu hakukuthibitisha faida yoyote.

Lakini hesabu hiyo haielezi kwa nini ndege zilipungua. Hata ikiwa mezani, LNA ilipaswa kunisaidia, maana kelele ilishuka kutoka 12 hadi 7. Hapa ndipo mjini panapotofautiana na shamba. LNA niliyonunua ni ya masafa mapana: hukuza kila kitu kuanzia 50 MHz hadi 4,000 MHz. Jirani yangu, kama mita 200, kuna mnara wa simu, na simu za 900 MHz hazipo mbali na 1090. Ongeza stesheni za FM za jiji zima. Kidude cha USB kinapima mawimbi kwa biti 8 tu, na nafasi hiyo ni finyu: sauti kubwa ikijaza chumba, sauti ndogo haina pa kukaa. Nilikuwa nimechukua kelele za mnara na FM, nikazizidisha mara 100, nikazimimina kwenye kifaa ambacho tayari nilikiweka kwenye ukuzaji wa juu kabisa, desibeli 49.6.

Ukiwa mjini, basi, filta, yaani kifaa kinachopitisha masafa unayoyataka na kuzuia mengine, inakuja kabla ya LNA, au nunua LNA yenye filta ndani yake. Kwa ndege zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa 1090 MHz, na kwa anayekaa karibu na minara, hizo ndizo ningemshauri bila kusita. Filta nayo hula mawimbi kidogo, ila hasara hiyo ndogo ni nafuu kuliko kuzidiwa na mnara.

Kwa wanaosikiliza mazungumzo ya marubani, kati ya 118 na 137 MHz, adui ni FM. Stesheni mbili zenye nguvu zikiingia kwenye LNA iliyozidiwa, zinazaa mawimbi ya uongo. Chukua stesheni ya 106 MHz na nyingine ya 90. Mara mbili ya 106, toa 90, unapata 122 MHz, katikati kabisa ya masafa ya ndege. Ukisikia muziki au mtangazaji mahali ambapo panapaswa kuwa na rubani, usiilaumu antena. Filta ya kuzuia 88 hadi 108 MHz ni bei ndogo, na kwa Dar ningeinunua kabla ya LNA yenyewe.

Turudi kwenye bati. LNA ikikaa juu inahitaji umeme, na hakuna haja ya kuvuta waya mwingine. Vidude vingi vya SDR vya siku hizi vinaweza kupandisha umeme kama volti 4.5 kupitia kebo ileile ya antena, na unauwasha kwenye programu. Lakini kabla hujauwasha, chukua mita ya fundi upime. Antena nyingine, hasa zenye umbo la kitanzi, zina njia ya moja kwa moja kati ya waya wa kati na ganda la nje. Ukiondoa LNA ukasahau kuzima umeme, umeunganisha shoti. Na kama umeweka filta kati ya LNA na kidude, hakikisha inapitisha umeme, la sivyo LNA italala bila kuwaka na utadhani imekufa. Angalia pia upande wa kuingilia na wa kutokea. Zile herufi ni ndogo sana, na juu ya bati la saa saba mchana mtu hufanya haraka.

LNA ikishafanya kazi, punguza ukuzaji wa kidude. Watu wengi husahau hatua hii. Mimi nilishuka kutoka 49.6, ngazi kwa ngazi, nikiacha kila ngazi kwa nusu saa na kuhesabu ujumbe wa ndege unaopokelewa kwa sekunde. Palipokuwa pazuri kwangu ni 33.8. Kwako patakuwa pengine, kutegemea mnara wako uko wapi. Usipime kwa urefu wa mawimbi kwenye skrini, maana urefu unadanganya. Pima umbali kati ya kilele cha mawimbi na sakafu ya kelele, au hesabu kile unachokipata hasa. Na linganisha saa zinazofanana, kwa sababu anga la saa tatu asubuhi si la saa nane usiku.

Sasa kebo. Kabla ya kutoa pesa ya LNA, badilisha kwanza RG58 hiyo. Ile kebo nene ya dishi, RG6, inapatikana kila duka la vifaa vya umeme, na kwa mita 10 kwenye 1090 MHz hupoteza kama desibeli 2 badala ya 6. Utaambiwa haifai kwa sababu ni ya omu 75 na kidude ni cha omu 50. Tofauti hiyo hurudisha nyuma kama asilimia 4 tu ya nguvu. Konekta za F na adapta zake nilizipata Kariakoo siku hiyohiyo. Kama kebo yako ni ya mita 2 na kidude kiko pale pale chini ya antena, huenda huihitaji LNA hata kidogo.

Na kuna masafa ambayo LNA haina msaada. Chini ya 30 MHz, kwenye mawimbi mafupi, kelele zinazotoka nje, za radi, taa na chaja, ni kubwa mara nyingi kuliko kelele ya redio yako. Huko tafuta antena bora na uiweke mbali na nyumba. Kwenye 137 MHz, ambako sasa tunapokea picha za mawingu kutoka setilaiti za Urusi, Meteor-M N2-3 na N2-4, baada ya NOAA 15, 18 na 19 kuzimwa mwaka 2025, LNA inasaidia, ila kwa kiasi. Kebo haili sana huko, na mjini kelele za nje zipo. Filta ya FM ndiyo iliyonipa picha safi, LNA ikaongeza mistari michache mwanzoni na mwishoni mwa picha, setilaiti ikiwa chini karibu na upeo wa macho.

Mtambo wangu wa leo ni antena, kisha LNA yenye filta ya 1090 ndani ya kiboksi cha plastiki kilichofungwa chini ya antena, kisha RG6 hadi ndani. Ndege iliyokuwa ikipotea Mafia sasa naifuata hadi karibu na Lindi, na upande wa kaskazini naziona zikipita Pemba hadi jirani na Mombasa.

Kiboksi nimekitoboa tundu dogo chini, ili maji ya umande wa asubuhi yapate pa kutokea, na kila konekta nimeizungushia tepu ya mpira kuanzia chini kwenda juu ili mvua iteleze. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Machi iliyopita, kabla ya masika, nilipanda nikafungua konekta moja niliyokuwa nimeifunga kwa tepu ya kawaida ya umeme. Pini ya kati ilikuwa imeota kijani. Niliikata, nikafunga mpya, na jioni hiyo ndege za Lindi zikarudi.